Gaudensia Yuko Kigwa

Mtaa mzima ulijua kwamba Gaudensia yuko Kigwa, anamuuguza mama yake. Mtu pekee aliyekuwa na sababu ya kulitilia shaka jambo hilo ni Gaudensia mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa amekaa kitandani katika chumba cha nyuma, nyumbani kwake, hapo hapo mtaani, Ng'ambo ya Tabora, pazia limebanwa kwa pini, akisikiliza habari za safari yake.

Habari zilitoka upande wa pili wa ukuta, kwa Batuli, ambako maandazi yalikaangwa tangu alfajiri na watu walikaangwa tangu maandazi yalipoiva.

"Kigwa hapo pua na mdomo," Batuli alikuwa anasema. "Mtu anapanda treni, hajamaliza andazi, keshafika. Sasa mama wa watu anaumwa, mkwe hajaenda hata mara moja kumjulia hali?"

"Ana biashara, Bi Batuli," mteja mmoja akasema.

"Biashara ya asali! Asali inaoza? Mimi nakwambia yule mwanamke kaondoka. Na ingekuwa mimi ningeondoka zamani. Mume gani anatembea na spika?"

Gaudensia aliuma upindo wa kanga asicheke. Hapo ndipo adhabu ilipokuwa. Kukaa ndani angeweza, na giza angeweza, lakini kusikia maneno matamu kama yale yanapita bila yeye kuongeza la kwake, hilo lilimtesa kuliko ule mwasho wenyewe. Nyumba yake ilikuwa ile ambayo mtu akipita kuazima chumvi anaondoka baada ya chakula cha jioni. Sasa mlango wa chumba ulikuwa na kufuli kwa nje, ufunguo uko mfukoni kwa mumewe, na simu yake nayo iko mfukoni kwa mumewe, imezimwa. Watu waliambiwa imeingia maji.

"Ukiwa nayo utaongea," Raymundi alikuwa amemwambia. "Nakujua. Utasema 'aloo' moja tu, spika ya msikiti itaadhini nyuma yako, mtaa wote utajua Kigwa yako ni ya wapi."

"Mpaka lini, Baba Agnetha?"

"Mpaka yule mnunuzi, Ngassa, aje, aone mzigo, tukubaliane, aondoke. Akishaondoka, wewe unarudi kutoka Kigwa. Basi."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemkatia mkewe tiketi.

*

Kosa lote lilikuwa la picha. Raymundi aliuza asali karibu na stesheni, asali nzuri ya misitu ya Sikonge, na kama angeiita asali tu pengine maisha yangemwendea vizuri. Lakini alikuwa mtu wa kuona mbali. Alirekodi sauti yake, akaifunga kwenye spika, na spika ikawa inalia kutwa: mba, mapunye, ukurutu, ngozi inayobanduka, ngozi inayowasha, paka asali, lamba asali, uone maajabu. Kwenye kila chupa alibandika lebo, na kwenye lebo akaweka sura ya mkewe siku ya kipaimara cha Agnetha, binti yao ambaye sasa yuko shule ya bweni, shavu linang'aa, mkono laini umeshika chupa. Chini yake: ASALI PONYA, NGOZI YA MAMA.

Kisha ngozi ya mama ikaanza kubanduka.

Ilianza kwenye viwiko, mabaka mekundu yenye magamba meupe juu yake kama majivu ya mkaa. Ikapanda kichwani. Ikashuka mikononi, viganja vikapasuka. Raymundi, kwa imani ya kweli kabisa, maana aliiamini spika yake kuliko wateja wake walivyoiamini, alimpaka asali kila jioni. Waliofaidi ni sisimizi.

Kanisani, padri aliposema watu wapeane amani, Gaudensia aligeuka huku na huku mkono umenyooka, na amani ikampita. Recheli, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo, aliyekuwa amekaa naye benchi moja, alimpa amani kwa kutikisa kichwa. Siku ile Gaudensia alirudi nyumbani, akavaa gauni la mikono mirefu, akaenda hospitali ya mkoa kule Kitete bila kumwambia mtu.

Daktari wa ngozi aliitwa Shukrani, mwanamke mchangamfu mwenye sauti ya uchovu. Alimtazama viwiko, kichwa, kucha, mgongo, akasema ugonjwa unaitwa soriasisi.

"Nimelogwa?"

"Hapana, mama."

"Damu chafu?"

"Wala. Hebu nikuulize. Mtaani kwenu jirani akisikia kishindo anafanya nini?"

"Anatoka nje anapiga kelele, mwizi."

"Wa pili?"

"Naye anapokea. Mwizi, mwizi!"

"Kamwona?"

"Atamwona saa ngapi, daktari? Yeye kasikia tu."

"Sasa ngozi yako ndiyo mtaa wenu." Daktari alichora duara kwenye kisanduku cha glavu. "Hii ni seli moja, ichukulie nyumba. Nje ina mlango. Kelele ya jirani inakuja kugonga mlango. Nyuma ya mlango wamekaa wapambe wawili, kazi yao kupokea neno na kulikimbiza mpaka chumba cha ndani kabisa, maagizo ya mwili yanakokaa. Chumba cha ndani kikisikia kinatoa amri: jengeni ngozi mpya, haraka! Halafu na chenyewe kinapiga kelele nje kwa nyumba inayofuata. Ngozi ya kujengwa mwezi mzima inajengwa kwa siku chache, haijakomaa, inarundikana. Ndiyo haya magamba."

Gaudensia alitazama kiwiko chake kwa heshima mpya. "Na mwizi mwenyewe?"

"Hakuna mwizi."

"Hakuna kabisa?"

"Labda kulikuwa na kishindo kidogo mwanzoni. Koo iliuma, mawazo yalizidi, ngozi ilichubuka. Lakini kilishaisha. Waliobaki wanasikilizana wenyewe."

"Kumbe ni umbea," alisema Gaudensia.

"Ni umbea. Ila ule wa mtaani unaambukiza, huu hauambukizi. Mshike mtoto, mpikie mume, kaa na watu." Akaandika dawa. "Mafuta haya yanashusha kelele za mtaa mzima, kwa hiyo paka kidogo na kwa muda niliokwambia. Ukizidisha, hata walinzi wa kweli watalala, ngozi itakonda. Yasipotosha tutaenda kwenye vidonge, huku tunapima damu. Kuna na dawa mpya, nyingine zinamkamata mpeleka habari njiani, nyingine zinawafunga midomo wale wapambe wa nyuma ya mlango."

"Hao hao ndio ninaowataka. Ziko hapa?"

"Ziko vitabuni, mama, na kwa wenye bima nene. Hapa tuna mafuta, tuna jua la asubuhi, na tuna wewe kutokujifungia ndani. Ukijifungia na mawazo, kelele zinarudi."

"Nitapona?"

Daktari hakumdanganya. "Utatulia," alisema. "Kuna kuchafuka na kuna kutulia. Tunatafuta kutulia."

Gaudensia alirudi akamweleza mumewe yote, kwa furaha, pamoja na wapambe. Raymundi alisikiliza vizuri sana. Kisha akaitazama ile dawa kama mchungaji aliyekuta chupa ya gongo chini ya kitanda cha mwanawe. Mke wa Asali Ponya na mafuta ya hospitali! Wiki ile ile mfanyabiashara Ngassa alikuwa amepiga simu kutoka Igunga: anataka asali ya kusambaza madukani, Igunga na Nzega, na atakuja mwenyewe kuona.

Ndivyo dawa ilivyoingia ndani ya kopo tupu la asali, juu ya kabati la chumba cha nyuma, na ndivyo Gaudensia alivyokwenda Kigwa.

*

Mambo yangeweza kuishia hapo kama Recheli asingepita stesheni siku ya Alhamisi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Agnetha. Zima kidogo hiyo spika tusikilizane."

"Milele na milele, dada Recheli."

"Jumamosi zamu ya sala ni kwenu."

"Dada, mwenyeji hayupo. Yuko Kigwa."

"Najua. Tumeshaongea. Hutapata tabu yoyote, tutakuja na mchele wetu, tutapika wenyewe, jiko si lipo? Na nyumba si ipo? Na sisi kina mama tutapanga vyumba kidogo, maana mwanaume peke yake..." Recheli alitabasamu kwa huruma. "Hatushindwi hata kumfulia mapazia."

Raymundi aliona mapazia yakishuka.

"Dada Recheli, haitawezekana," alisema, na ulimi wake, uliozoea kuongeza kidogo juu ya kila chupa, ukaongeza kidogo. "Mama mkwe hali si nzuri. Tuko tayari kuitwa wakati wowote."

Recheli alishika kifua. Alimshika Raymundi mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo mke wake hakuwa amefanyiwa kwa muda mrefu, akaondoka. Raymundi aliwasha spika tena, akaona ameokoka.

Recheli hakuwa mwongo. Aliandika kwenye kundi la jumuiya kile kile alichoambiwa: tumwombee mama yake Gaudensia, hali si nzuri, familia iko tayari kuitwa. Mwanajumuiya mmoja akalipeleka neno hilo kwenye kundi la kwaya, akaongeza "hali mbaya". Kwaya ikalipeleka kwenye kundi la majirani, ambako Batuli, aliyekuwa na unga mikononi na akisoma kwa kuchungulia, aliweka picha ya mikono iliyofumbatwa. Baada ya mikono mtu akaweka mshumaa. Baada ya mshumaa mwingine akauliza, "Jamani, tayari?" Hakuna aliyemjibu, na huko kutojibiwa kukaeleweka. Ijumaa jioni lilipozunguka na kurudi kwenye simu ya Recheli, lilikuwa limevaa nguo nyeusi: pumzika kwa amani, mama yetu wa Kigwa. Recheli alilia kweli. Aliumia hasa kwamba yeye, aliyekuwa wa kwanza kujua, ameambiwa wa mwisho.

Raymundi hakuona chochote. Alikuwa anaosha chupa za kumwonyesha Ngassa.

*

Jumamosi asubuhi alirudishia mlango wa mbele, ambao mtaani kwao haufungwi mchana, akaenda stendi kumpokea mgeni wake. Ngassa alishuka kwenye basi la Nzega, mtu mnene, mtulivu, kofia pana kichwani.

"Mwangaluka," Ngassa alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Karibu Tabora. Twende kwanza nyumbani ukaone mzigo."

Walipokata kona ya mtaa, Raymundi aliona turubai. Lilikuwa turubai la jumuiya, la bluu, lenye kiraka, na lilikuwa limefungwa kwenye paa la nyumba yake. Chini yake kulikuwa na viti vya plastiki na wanaume wamekaa na nyuso zile za msibani. Kutoka ndani kilitoka kilio cha wanawake.

Ndani alikuwa amemwacha mtu mmoja tu.

Alimwacha Ngassa barabarani na mkoba wake, akamtupia na begi lake mwenyewe, akakimbia, kandambili moja ikabaki kwenye mtaro, akapita katikati ya waombolezaji akilia kwa sauti, "Jamani, mke wangu! Nimemuua mwenyewe!" Wanaume walitazamana. Wengi walijilaumu kwa yale waliyowahi kumsema.

"Amechanganyikiwa," alisema Mzee Vedasto, katekista. "Ona anavyompenda mama mkwe."

Raymundi alipita sebuleni juu ya miguu ya kina mama, akahangaika na kufuli, akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Gaudensia alikuwa sakafuni, kanga imekaza kiunoni, analia na wale wa nje kilio kimoja, ndiyo maana hakuna aliyemsikia.

"Uko hai!" alisema Raymundi.

"Mama yangu kafa," alisema Gaudensia. "Kafa na mimi niko hapa nimefungiwa kama kuku. Nimemsikia Recheli anaanzisha wimbo. Nipishe."

"Hajafa!"

"Umejuaje?"

"Kwa sababu..." Raymundi alikaa kitandani. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi aliitazama ile mikono bila kuwaza chupa. "Kwa sababu aliyesema anaumwa ni mimi. Mama hana hata mafua. Mimi nilidhani ni wewe, Gau. Nimeona turubai, nikadhani ni wewe."

Gaudensia alijifuta uso kwa kanga. Machozi yalikuwa yanamchoma kwenye mabaka ya shingoni. Aliwasikiliza watu wake waliojaa nyumba: viti vinavutwa, mtu anauliza chumvi iko wapi, mwingine anamjibu vibaya. Nyumba ilikuwa imejaa kama zamani.

"Nipigie mama nimsikie."

Raymundi alipapasa mifuko. Simu yake ameiacha kwenye begi, nje, kwa Ngassa. Simu ya mkewe alipoiwasha ilitoa mlio mmoja ikazima, chaji imekwisha.

"Basi toka uwaambie," alisema Gaudensia.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mama mzima."

"Wataniuliza, na wewe je."

"Ndiyo. Wataniulizia."

"Gau, Ngassa yuko nje. Na picha yako. Akikuona hivi..." Hakumaliza, maana kulikuwa hakuna namna nzuri ya kumaliza. "Niache niwaondoe taratibu. Nitasema mazishi ni ya familia tu."

Alitoka. Katika haraka zile alisahau kufuli.

*

Nje Mzee Vedasto alikuwa ameshamaliza mipango. Vijana walikuwa wamepata gari la kwenda Kigwa, mchele uko motoni, na Batuli, ambaye si wa jumuiya wala si wa dini hiyo, alikuwa jikoni kwa Gaudensia ameshika mwiko mkubwa kuliko wote. Ngassa alikuwa amepewa kiti cha mbele kama mkwe wa mbali, mkoba magotini, begi la Raymundi miguuni. Hakuelewa chochote, lakini alikuwa amevua kofia.

Begi likalia.

"Ni mama wa Kigwa," alisema Ngassa, akisoma jina kwenye simu, akaikabidhi.

"Jamaa wa marehemu wanapiga kwa simu yake," Mzee Vedasto aliwaeleza watu. Masikio yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. "Weka sauti kubwa, baba, na sisi tusikie saa ya mazishi."

Raymundi alitaka kuikata. Mkono wa Mzee Vedasto, wenye nia njema kabisa, ulibonyeza kwa niaba yake.

"Wewe Raymundi!" Sauti ilikuwa na afya ya kutosha watu watatu. "Nazikwa saa ngapi?"

Kilio kilikatika. Jikoni mfuniko ulianguka.

"Shikamoo mama," alisema Raymundi.

"Marahaba. Tangu asubuhi watu wananipigia kunipa pole ya kifo changu. Mmoja kalia mpaka nami nikalia. Wamesema wamesikia kwako huko. Nimewajibu mimi siko kwenye mipango, wamuulize Raymundi."

Watu walianza kushukuru Mungu, wengine kucheka, na pengine kicheko kingemwokoa. Lakini bibi Apolinaria, mama mkwe mwenyewe, hakuwa amemaliza.

"Mpe Gaudensia simu. Yake haipatikani wiki nzima."

Batuli alikuwa ameshafika mlangoni na mwiko wake. Ndiye aliyeuliza, na aliuliza taratibu, kwa namna ambayo hajawahi kuuliza jambo maishani. "Mama, Gaudensia si yuko kwako?"

"Kwangu? Kwangu niko mimi na kuku."

Hakuna aliyecheka tena. Macho yote yalimgeukia Raymundi, na kila mtu alikumbuka alivyoingia mbio, na alichokuwa anapiga kelele. Mwanaume mmoja aliinuka. Wa pili akainuka kwa sababu wa kwanza ameinuka.

"Mke wako yuko wapi?"

"Ametuambia mwenyewe," mtu akasema nyuma. "'Nimemuua mwenyewe.' Mmesikia wote."

"Ana kufuli chumba cha nyuma," akasema Recheli, mkono mdomoni. "Nimeliona."

Wa tatu aliinuka, wa nne, mtu akashika mguu wa kiti. Raymundi, mwenye maneno ya kila ugonjwa wa ngozi, alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Niko hapa," alisema Gaudensia. "Kaeni chini, mtavunja viti vya watu."

Alikuwa amesimama kizingitini na gauni la nyumbani la mikono mifupi, kichwa wazi. Jua lilimpiga usoni akafumba jicho moja. Viwiko vilionekana, mikono ilionekana, na kichwani magamba yalionekana, yameanza kupungua pembeni ambako dawa ya kopo la asali ilikuwa imefanya kazi yake kwa siri. Watu walirudi nyuma hatua, si wote, lakini wa kutosha kuonekana.

"Sijaenda Kigwa. Nilikuwa chumbani. Maneno yenu yote nimeyasikia, na yako, Batuli, mengi yalikuwa mazuri."

"Mungu wangu," alisema Batuli.

"Naumwa ngozi. Nimekwenda Kitete, nimepimwa, nina dawa, na si asali. Daktari aliniambia ngozi yangu imejaa majirani wanaopiga kelele za mwizi na mwizi hayupo. Nilikuwa simwelewi vizuri. Leo nimemwelewa. Mama yangu amekufa kwa vidole vyenu, kutoka simu hadi simu, na mume wangu alikuwa anakwenda kufa sasa hivi kwa viti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wa kwanza kaona nini."

Kwenye simu bibi Apolinaria alikuwa anauliza nani amekufa tena.

"Inaambukiza?" mtu akauliza.

"Daktari kasema haiambukizi."

"Daktari kasema," Recheli akarudia, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

Raymundi alikuwa hamtazami mkewe. Alikuwa anamtazama Ngassa, ambaye alikuwa ametoa chupa ya mfano kwenye begi na kuisogeza mbali na macho, anaitazama picha, anamtazama Gaudensia, anairudia picha. Ilikuwa vile vile alivyokuwa akiogopa usiku na mchana.

"Mzee Ngassa," alisema, "naomba nikueleze."

"Asali ni hii hii?"

"Ni hii hii, mzee, lakini..."

"Nitaichukua. Hii karatasi bandua." Ngassa alikwaruza lebo kwa ukucha. "Kwetu nani atakumbuka kuipaka? Sisi tunaweka kwenye chai."

Raymundi alifunga macho. Wiki nzima ya Kigwa, kufuli, pazia, simu iliyoingia maji, yote yamemezwa na kikombe cha chai cha Igunga. Gaudensia alimwona, na kama asingekuwa na hasira angemhurumia.

*

Mchele uliiva. Hakuna aliyejua msiba wa mtu aliye hai unafungwaje, lakini chakula kikiiva kinaliwa, na masinia yalipangwa chini ya turubai. Kijana aliyezoea kunawisha watu aliinama kuchukua jagi na beseni, akakuta Gaudensia amekwisha kuvishika.

"Hapa ni kwangu," alisema. "Zamu ni yangu. Nitanawisha mimi."

Alianza upande wa wanaume. Mzee Vedasto alinyoosha mikono bila kutazama, kwa vile alikuwa bado anauliza mazishi yameahirishwa mpaka lini. Ngassa alinawa akashukuru. Raymundi aliinamisha kichwa, na mkewe alimmiminia maji mengi kuliko wote, mpaka yakamwingia mikononi mwa shati.

Upande wa wanawake watu walikuwa wamepungua. Mmoja alikumbuka maharage aliyoyaacha motoni. Mwingine alikuwa na mgeni. Batuli alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, mikono yake yenye unga imekwisha kutangulia. Maji yalitiririka, gamba moja jeupe lilidondoka kutoka kwenye kidole cha Gaudensia, likaelea kwenye beseni, na wote wawili wakaliona.

"Mimina," alisema Batuli. "Unasubiri nizeeke?"

Kisha Recheli.

Recheli alitazama beseni. Akatazama watu, nao walikuwa wanamtazama, maana sinia lao halikuweza kuanzwa bila mwenyekiti kusali.

"Mimi leo nimefunga," alisema. "Kwa ajili ya marehemu."

"Marehemu yuko hewani," alisema Batuli, akionyesha simu kwenye kiti. "Muombe ruhusa."

Hata wale waliokuwa hawataki kucheka walicheka. Gaudensia hakucheka. Alisubiri kidogo jagi likiwa limeinama, halafu akaliinua, akapita kwa mtu wa pili yake bila kinyongo usoni.

"Zamu ya Jumamosi ijayo ni kwa nani?" Mzee Vedasto aliuliza.

Ilikuwa kwa Recheli, na kila mtu alijua.

"Ni kwangu," alisema Recheli.

"Nitakuja mapema," Gaudensia alisema, na jagi lake bado linamimina. "Najua mgongo unakusumbua. Nitakukandia unga wa chapati."

Viganja vyake vilivyopasuka vilikuwa pale, vimeshika mpini, mbele ya watu wote. Recheli alivitazama kwa muda ambao wali ulianza kupoa.

"Karibu," alisema mwishowe.

Simu zilikuwa zimeshatoka kwenye pochi. Kabla masinia hayajaoshwa, habari ilikuwa imefika kwenye jumuiya, imepita kwaya, imeingia kwa majirani: Gaudensia yupo nyumbani, Jumamosi anakanda chapati kwa Recheli. Ilipita simu hadi simu na hakuna aliyeweka mshumaa wala aliyeongeza neno, isipokuwa Batuli, aliyeongeza kwamba kutakuwa na nyama.